Nyumba za Kodi Nafuu Zichorwe Pamoja na Chumba cha Mwuguzi

Mke wa askari anayekaa katika kambi kubwa ya polisi jijini Kampala, kama ile ya Nsambya au ya Naguru, analijua jambo moja ambalo majirani zake wa nje ya ua hawalijui: mtoto akishikwa na homa usiku, zahanati i karibu. Yawezekana ni ndogo, na yawezekana siku hiyo dawa zimekwisha. Lakini haitaki nauli ya bodaboda, na mwuguzi wake humwita mama huyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jamaa hii huenda inalala katika banda la mviringo la mabati, lile wanaloliita uniporti, ambalo mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Hata hivyo, mahali pa kutibiwa pamehesabiwa kuwa sehemu ya makazi yao. Jeshi na polisi walijifunza zamani kwamba haifai kumpa mtu pa kulala pasipo kufikiri ataugulia wapi.

Raia mwenye kipato kidogo hakujengewa kwa hesabu hiyo. Nyumba za Nakawa na Naguru, zilizojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 na 1950, zilikusudiwa zaidi kumweka mfanyakazi karibu na kazi yake. Zilikuwa nyumba ndogo, lakini watu walizizoea, wakazaa humo, wakazeekea humo. Mwezi wa Julai, 2011, nyumba hizo zilibomolewa ili pajengwe mji mpya wa kisasa, na jamaa zaidi ya 1,700 zikatawanyika kila upande. Mji ulioahidiwa haukusimama kama ulivyokuwa umechorwa. Na hapa pana jambo la kusikitisha kidogo: mwezi wa Januari, 2012, ilifunguliwa papo hapo Naguru hospitali nzuri, iliyojengwa kwa urafiki wa China na Uganda. Yaani hospitali ilipofungua milango yake, wengi katika wale ambao wangeifikia kwa miguu walikuwa wamekwisha kuhama.

Walihamia wapi? Wengi wa watu wa hali hiyo huishia katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho wenyeji wa Kampala hukiita muzigo. Akina mama wasomaji wa ukurasa huu wanakijua vizuri. Kitanda kiko nyuma ya pazia, na watoto hulala sakafuni mbele ya pazia hilo. Sigiri hukaa mlangoni, na mvua ikinyesha huingizwa ndani pamoja na moshi wake. Dirisha, kama lipo, hufungwa jua likichwa kwa kuwaogopa wezi. Choo ni kimoja kwa milango mingi. Katika mabonde kama Bwaise maji ya mvua hukosa njia, hupanda hadi kizingitini, na yale ya chooni huchanganyika nayo. Ni katika mitaa ya namna hii kipindupindu kilipowapata watu wengi, katika mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998.

Basi nyumba yenyewe ni chanzo cha maradhi. Mtu mwenye kifua kikuu anayelala na watoto wanne katika chumba kisichopitisha hewa huwaachia vijidudu kila akohoapo, na aliye mdogo zaidi ndiye aliye hatarini zaidi. Mtoto huyo akipelekwa Mulago, daktari atakiona kifua, dirisha hataliona. Atampa dawa, nayo dawa itafanya kazi yake, kisha mtoto atarudi kulala pale pale. Ni kweli kwamba tangu 2001 matibabu katika vituo vya serikali hayalipiwi. Lakini mama anayeuza ndizi kando ya barabara akikaa foleni tangu asubuhi hadi alasiri amekwisha kulipa, kwani siku hiyo hakuuza kitu.

Kuliona dirisha ni kazi ya mtu anayefika mlangoni. Na kazi hiyo Kampala iliianza mapema. Mwaka 1959 idara ya tiba ya kinga ya Makerere ilianzisha kituo cha afya Kasangati, kwenye barabara iendayo Gayaza. Hospitali humngoja mgonjwa aje. Kasangati walilichagua eneo, wakazijua nyumba zake, na kuzifuata. Wanafunzi wa udaktari walitoka darasani wakaenda kutazama watu wanateka maji wapi, wanapika nini, choo kiko hatua ngapi kutoka jikoni, mtoto wa mwisho ameachishwa ziwa lini. Mwanafunzi aliyezoea kuuona ugonjwa katika kitanda cha hospitali aliuona sasa unakoanzia. Mambo yaliyojifunzwa huko yaliingia katika kitabu cha Maurice King kuhusu utabibu katika nchi zinazoendelea, kilichotoka mwaka 1966 kutokana na mkutano uliofanyika Makerere, na kikasomwa na madaktari wa nchi nyingi maskini.

Mulago nako, mwaka 1965, kilianzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambacho jina lake limetoka katika methali ya Waganda: mwana mugimu ava ku ngozi, kwamba mtoto mwenye afya huanza kutengenezwa tangu yu mbelekoni. Mama mwenye mtoto aliyedhoofika hufundishwa hapo kuchanganya kitobero kwa vyakula vya kawaida: ndizi au viazi, maharage au karanga, dagaa, mboga za majani. Hakuna kinachoagizwa ng'ambo. Mafunzo haya ni ya jikoni, na kwa hiyo yanabaki.

Lakini Kasangati palikuwa shamba wakati ule. Nyumba zenye migomba kila upande ni tofauti na mtaa wa kupanga. Je, jambo hili laweza kufanyika mjini, ndani ya nyumba za kodi nafuu? Lilikwisha kufanyika, na mbegu yake ilitoka Afrika. Huko Natal, Afrika Kusini, madaktari Sidney Kark na mkewe Emily walianza mwaka 1940 kituo cha afya cha Pholela, wakitembelea nyumba kwa nyumba. Baadaye walifanya vivyo hivyo Lamontville, mtaa wa nyumba za Waafrika uliojengwa na halmashauri ya jiji la Durban, na kazi yao ikafungamana na skuli ya udaktari ya hapo. Mwaka 1957 alifika kwao mwanafunzi mmoja Mmarekani, Jack Geiger, kutoka chuo kikuu cha Western Reserve cha Cleveland. Aliyoyaona hakuyasahau.

Miaka minane baadaye, Desemba 1965, Geiger na mwenzake Count Gibson, wakiwa walimu wa Chuo Kikuu cha Tufts, walifungua zahanati ndani ya Columbia Point, mtaa wa nyumba za serikali za watu maskini ufukweni mwa Boston. Mtaa huo ulikuwa umejengwa kando ya jaa la taka, mbali na kila kitu, na mwenye mgonjwa alilazimika kusafiri kwa basi kwenda hospitali ya jiji. Hawakujenga jumba jipya. Walichukua vyumba vya kukaa watu katika jengo mojawapo, wakavigeuza vya kutibia. Wenyeji waliingizwa katika baraza la kuiangalia zahanati, na baadhi yao wakafundishwa kazi humo. Katika miaka ya 1980 mtaa mzima ulijengwa upya, lakini nyumba 400 ziliwekwa kwa ajili ya jamaa za hali ya chini, na waliokuwa bado wanaishi pale walipata pa kubaki. Zahanati nayo haikufa. Hadi leo inabeba majina ya madaktari hao wawili. Msomaji wa Kampala atakayekumbuka Nakawa ya 2011 atapima mwenyewe tofauti iliyopo.

Na dunia ni ndogo. Chuo kile kile cha Cleveland, ambacho sasa kinaitwa Case Western Reserve, kimeshirikiana na Makerere tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 katika utafiti wa kifua kikuu, na wahudumu wao wamekwenda hadi ndani ya nyumba za wagonjwa wa Kampala kuwapima wanaolala nao.

Kwa hiyo Makerere si ngeni katika kazi hii. Tangu 2003 mafunzo yake ya udaktari yamewataka wanafunzi wakae kwa majuma kadhaa kati ya wananchi. Taasisi yake ya Maradhi ya Kuambukiza imesaidia vituo vya Mamlaka ya Jiji la Kampala kama kile cha Kisenyi. Kinachokosekana ni kuunganisha kazi hizi na ujenzi wa nyumba. Mchoraji wa ramani hukaa ofisi yake, mganga hukaa yake, na mwalimu wa chuo hukaa yake. Wapangaji wakishaingia ndipo mtu huuliza mgonjwa apelekwe wapi, na kwa wakati huo kila pembe ya kiwanja imekwisha kodishwa, ama imegeuzwa duka la soda.

Chumba kinachotakiwa si kikubwa. Ni kimoja au viwili katika ghorofa ya chini, chenye maji ya bomba, madirisha yanayopishana hewa, na baraza ya kungojea. Jiji lilipe mshahara wa mwuguzi mmoja na mkunga mmoja. Chuo kilete wanafunzi wake kwa zamu, na mwalimu wa kuwasimamia, wapite nyumba kwa nyumba. Na waliokopeshwa au kupewa ardhi ya serikali ili wajenge nyumba za bei nafuu wafungwe na sharti hilo katika mkataba, kabla ya tofali la kwanza. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kuongeza wodi Mulago.

Hata hivyo sitaki nionekane ninapaka sukari. Mwanafunzi huja na kuondoka. Yupo mama wa mtaani aliyekwisha kuhojiwa mara nne juu ya maji yake ya kunywa, na maji yakabaki yale yale. Akiona kijana wa tano mwenye kalamu na karatasi, hufunga mlango, na haki ni yake. Chuo kinachotaka kujifunza katika nyumba za watu lazima kiache kitu humo: jeraha lililofungwa, mtoto aliyechanjwa, barua iliyoandikwa kwa jiji juu ya mtaro ulioziba na kufuatiliwa mpaka ukazibuliwa. Tena daftari la nyumba lisichukuliwe likafungiwe chuoni. Kila jamaa iwe na kadi yake, ikae kabatini pamoja na vyeti vingine.

Kadi hiyo ingewafaa hata wasomaji wetu walio kambini, ambao zahanati wanayo lakini mgeni wa kuwapigia hodi na kulitazama dirisha hawana. Amri ya uhamisho haingoji. Leo askari yuko Naguru, juma lijalo yuko Moroto, na mkewe ana mimba ya miezi saba, na mtoto wa pili amebakiza chanjo moja. Magodoro yatafungwa, sufuria zitaingizwa katika gunia, na mwuguzi aliyemjua mama huyo kwa jina la mtoto wake atabaki nyuma. Katika kituo kipya ataulizwa upya kila kitu: umezaa mara ngapi, presha ilikuwaje, damu yako ni ya kundi gani. Kama kadi iko mkononi, atajibu yote akiwa bado hajashusha mzigo.