Kwa nini babu wa Kisarawe haonekani kwenye karatasi

Huku ughaibuni tunawaona majirani zetu wakimpata babu wa babu yao kwa jioni moja: mwaka aliozaliwa, kanisa alilobatiziwa, hata meli aliyopanda. Jaribu hivyo kwa mzee wa Maneromango au wa Soga, utaambulia patupu. Karatasi zipo, ila walioziandika walikuwa na shida zao, na kumtunzia mjukuu habari za babu haikuwa mojawapo.

Chukua kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Mwingereza akaja na sheria yake ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Aliyetafutwa ni mwanamume wa kulipa, chini ya jumbe fulani. Mkewe alionekana kama kibanda cha kuhesabiwa. Lakini Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, kama jirani zao Wakwere na Waluguru, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo serikali iliwaorodhesha akina baba, na ukoo ukaendelea kupita kwa akina mama ambao hawakuandikwa. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko mafaili yaliyoliwa na mchwa.

Vyeti vya kuzaliwa havisaidii sana. Sheria ya vizazi na vifo ya 1920 haikumlazimisha Mwafrika kuandikishwa. Ulazima ulikuja baada ya uhuru, tena wilaya kwa wilaya. Ukiona pasipoti ya mzee inasema alizaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, ujue karani alikisia.

Halafu kuna majina. Juma Salum akizaa mtoto wa kiume anampa jina la babu yake, na huyo anakuwa Salum Juma. Salum naye akizaa, anarudi Juma Salum. Ukikuta Juma Salum wa 1910 na Juma Salum wa 1965 katika kijiji kimoja, huenda ni babu na mjukuu, na programu za nasaba za huku zitawafanya mtu mmoja bila aibu. Angalia pia jina Pazi: Uzaramo lilikuwa cheo cha mkuu, hivyo kila Pazi wa kwenye vitabu si lazima awe babu yako, hata kama nyumbani mnajivunia hivyo.

Walioandikwa vizuri ni wachache. Wamisionari Walutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, na waliobatizwa huko waliingia vitabuni. Wazaramo wengi, hata hivyo, walikuwa au walikuja kuwa Waislamu. Wengine waliandikwa kwa sababu waligongana na wageni: Mazungera, aliyemuua Mfaransa Maizan mwaka 1845, na Kibasila wa Kisangire, aliyenyongwa kwa ajili ya Maji Maji. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakupata hata hilo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Miaka ya sabini ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani walikusanywa, na kijiji kilichoandikwa kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi si alikozaliwa. Alikozaliwa ni mahame: mwembe mkubwa, mikorosho iliyozeeka, makaburi yasiyo na maandishi. Wenyeji bado wanajua mwembe upi ni wa nani.

Na kuna daftari ambalo mtafiti halifikirii. Kwenye hitima, familia nyingi humpa shehe karatasi yenye majina ya marehemu wa kuombewa dua, wanawake kwa wanaume. Nimeona moja ya kurasa mbili, kalamu tatu tofauti, jina la bibi mzaa bibi likiwa juu kabisa. Hakuna faili la kodi litakalokupa jina hilo.

Basi ukirudi likizo Desemba, anza kwa mjomba wa mama yako. Mrekodi kwa simu akitaja akina mama mmoja mmoja, omba kupiga picha karatasi ya hitima, uliza jina la jumbe wa zamani. Ndipo uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na ukumbuke kutafuta pia chini ya Uzaramo, au Usaramo kama Mjerumani alivyoandika. Kwa mtu wa Kibaha, angalia na mafaili ya Bagamoyo.