Hela Zetu, Hesabu Zetu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapeleka India, tukamtazame raia wa kawaida, asiye askari wala waziri, tuone nchi yake inamdai nini katika siku ya kazi, mikono ikiwa na vumbi.

Kila tarehe 26 Januari jiji la Delhi hujaa watu. Wanajeshi hupita kwa gwaride, ngamia waliopambwa hupita na askari wa mpakani mgongoni, na juu ya yote hupepea bendera ya rangi tatu yenye gurudumu la mihimili 24. Siku kama hiyo mwaka 1950 Katiba ya India ilianza kutumika. Ni sherehe nzuri, na mtoto yeyote angependa kuiona. Lakini jioni hufika, ngamia wakarudi kambini, watu wakaenda makwao. Kesho yake uzalendo unakaa wapi?

Mwaka 1985, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, walikuwapo watoto watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Asubuhi, shule nzima ilipoimba wimbo wa taifa, wao walisimama wima kwa heshima, ila hawakuimba. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, na imani yao iliwakataza. Walikuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu bila mtu kuudhika, mpaka mwanasiasa mmoja alipoliona jambo hilo na kulifanya hoja kubwa. Watoto wakafukuzwa shule. Baba yao akaenda Mahakama Kuu ya Kerala, akashindwa. Akapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na Agosti 1986 majaji wakasema hivi: hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba, anayesimama kwa heshima wimbo ukiimbwa hajautukana, watoto warudishwe darasani.

Mimi naipenda sana hukumu hiyo. Majaji wangeweza kuwafurahisha wengi waliokuwa na hasira, na waliotaka kurudishwa shule walikuwa watoto watatu tu wa dini ya watu wachache. Katiba ikawatosha na wao.

Katiba hiyo ina ukurasa mmoja unaotaja wajibu wa raia. Ni Ibara ya 51A, iliyoongezwa mwaka 1976. Niwaambie ukweli wote: wakati huo serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari na wapinzani wengi walikuwa gerezani, kwa hiyo wapo wanaoutazama ukurasa huo kwa mashaka. Hata hivyo, someni kilichomo. Kuheshimu bendera na wimbo wa taifa kumetajwa mwanzoni kabisa, na wengi huishia hapo. Mkiendelea mtakuta raia anatakiwa kujenga udugu kati ya watu wa dini, lugha na mikoa mbalimbali. Kuacha desturi zinazomdhalilisha mwanamke. Kulinda misitu, maziwa na mito na kuwahurumia viumbe hai. Kulinda mali ya umma. Na kukuza fikra za kisayansi na moyo wa kuuliza. Ndiyo, wanangu, kuuliza. Kumeandikwa kuwa ni wajibu wa raia.

Tuanze na udugu, maana ndio mgumu kuliko vyote.

Bwana Bhimrao Ramji Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ambayo watu wa matabaka ya juu waliiona najisi. Shuleni alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani, akarudi nalo jioni, kwa sababu mfagiaji wa darasa hakukubali kuligusa. Akishikwa na kiu, hakuruhusiwa kushika bomba. Ilikuwa lazima tarishi wa shule aje amfungulie. Tarishi asipokuwapo, mtoto alikaa na kiu yake mpaka jioni. Mtoto huyo alisoma, akasoma tena New York na London, na India ilipopata uhuru akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba.

Novemba 1949, kazi ikiwa imekamilika, Ambedkar alisimama bungeni na badala ya kujisifu akawaonya wenzake. Kwenye sanduku la kura, alisema, kila mtu atakuwa na kura moja yenye thamani sawa na ya mwenzake, lakini kijijini na kazini ukosefu wa usawa utabaki. Mkinzano huo usipoondolewa, wanaoumia watakuja kuibomoa demokrasia yenyewe. Katiba imepiga marufuku kumtenga mtu kwa sababu ya tabaka, lakini sheria haiingii jikoni kuangalia nani anatengewa kikombe chake. Na hadi leo wanaoshuka kwenye mashimo ya majitaka ya miji na kufa kwa hewa ya sumu, wengi wao wanatoka katika jamii zile zile. Mama anayemkaribisha mfagiaji wa mtaa akae, anywe chai kwa kikombe kile kile wanachonywea watoto wake, huyo ameitendea India jambo ambalo gwaride haliwezi kulitenda.

Sasa tuje kwenye kulinda mali ya umma na kuuliza. Nawapeleka Rajasthan, kaskazini-magharibi, ardhi kavu ambayo mvua huikwepa. Ukame ulipouma, serikali ilitoa kazi za vibarua: kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara. Watu walichimba juani, wengi wao wanawake, na siku ya malipo wakapewa pungufu ya kima cha chini kilichowekwa na sheria. Walipolalamika waliambiwa, "Hamkumaliza kazi, daftari linaonyesha." Wakasema, basi tulione hilo daftari. Wakajibiwa kwamba daftari ni siri ya serikali.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Rajasthan daftari lilikuwapo, na mali ikapotea vilevile, kwa kuwa mwenye mali alikatazwa kulifungua.

Mwaka 1987 watu watatu walihamia kijiji kidogo kiitwacho Devdungri, wakakaa katika nyumba ya udongo. Aruna Roy alikuwa ameacha kazi kubwa serikalini mwaka 1975. Nikhil Dey alikuwa kijana msomi. Shankar Singh alikuwa fundi wa maigizo na nyimbo, anayeweza kukusanya kijiji kizima kwa vikaragosi vyake. Mwaka 1990 wao na wanakijiji wakaanzisha umoja wa wafanyakazi na wakulima, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, wakafanya jambo jipya: wakaita mkutano wa hadhara, wakashika nakala za hesabu, wakazisoma kwa sauti mbele ya wenyeji.

Hebu fikirini mkutano wa namna hiyo. Msomaji anataja jina la kibarua, siku alizofanya kazi na pesa alizosaini. Mwenye jina anainuka: mimi sikufika kazini hata siku moja. Linatajwa jina jingine, watu wanaguna, maana mwenye jina alishazikwa. Linatajwa jengo lililolipiwa hadi paa, na kila aliyekaa pale anajua kwamba jengo hilo halina paa. Wafanyakazi hewa, majengo hewa, na fedha halisi. Mikutano ikaenea kijiji kwa kijiji, na baadhi ya viongozi wa vijiji walirudisha fedha walizochukua, hadharani.

Mwaka 1995 Waziri Kiongozi wa jimbo aliahidi bungeni kwamba raia watapewa nakala za hesabu hizo. Mwaka ukapita, nakala hazikuonekana. Aprili 1996 wanakijiji wakaenda mji wa Beawar, wakaketi barabarani kwa siku 40. Wenye maduka na wauza mboga wa mji huo, ambao hawakuwa vibarua wala hawakudai ujira wowote, waliwaletea chakula na maji. Kaulimbiu ya wanakijiji ilikuwa fupi: hela zetu, hesabu zetu.

Inasimuliwa kwamba mwaka huo huo, huko Delhi, waandishi wa habari walimuuliza mama mmoja wa kundi hilo, aliyesoma miaka michache tu, haki ya kupata habari anaitakia nini. Akajibu kwamba akimtuma mwanawe sokoni na rupia kumi, akirudi humuuliza hesabu. Serikali inatumia mabilioni kwa jina lake. Kwa nini yeye asiulize?

Rajasthan ilipata sheria yake mwaka 2000. Mwaka 2005 ikaja sheria ya nchi nzima. Raia anaandika ombi, analipa rupia kumi (maskini halipi), na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, jibu litoke ndani ya saa 48. Ofisa anayekaa na jibu bila sababu anaweza kutozwa faini kutoka mfukoni mwake.

Kuuliza kuna gharama, na sitawaficha. Amit Jethwa wa Gujarat alifuatilia uchimbaji haramu wa mawe kando ya msitu wa Gir, maskani ya simba wa Asia. Julai 2010 alipigwa risasi na kufa, karibu na Mahakama Kuu mjini Ahmedabad. Wapo wengine waliopigwa, waliotishwa, walioitwa maadui wa nchi. Linaniuma sana hilo la mwisho, kwa sababu aliyekula hela za bwawa hupeperusha bendera bila kuulizwa neno, na anayeuliza bwawa liko wapi ndiye anayetiliwa shaka.

Sheria ya ajira vijijini, nayo ya mwaka 2005, iliagiza hesabu za kazi zikaguliwe na mkutano wa kijiji wenyewe. Katika vijiji vya Rajasthan majina ya vibarua, siku zao za kazi na ujira wao yakaanza kuandikwa kwa rangi kwenye kuta, mahali ambapo kila mpita njia anayaona. Wazee wengi wa huko hawakubahatika kwenda shule. Wajukuu wao wanasoma. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne anaweza kumshika bibi yake mkono, wakasimama mbele ya ukuta, akamsomea jina lake na siku alizoandikiwa. Bibi akisema alichimba siku kumi na mbili na ukuta unasema ishirini, wote wawili wanajua waende ofisi gani.