Maporomoko ya Theluji Milimani

Tarehe 23 Februari, 1999, maporomoko ya theluji yalikiangukia kijiji cha Galtür, katika milima ya Alps nchini Austria, yakawaua watu 31. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilijengwa mahali ambapo ramani za hatari zilionyesha kuwa ni salama. Je, theluji, ambayo hutua nyepesi kama pamba, hupata wapi nguvu za kubomoa nyumba?

Theluji iliyolala mlimani si kitu kimoja. Kila inapoanguka huongeza tabaka jipya juu ya yale ya zamani. Tabaka la chini, linalogusa ardhi, huwa na jotoridi lililo karibu na nyuzi 0 za Sentigredi, ilhali hewa ya juu yaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Kutokana na tofauti hiyo, mvuke hupanda kupitia nafasi zilizomo ndani ya theluji na kuganda tena, ukifanya fuwele kubwa zisizoshikamana vizuri. Tabaka la namna hiyo hufanana na sukari kavu.

Baadaye upepo huleta theluji nyingine na kuishindilia hata ikawa bamba gumu juu ya msingi dhaifu. Kani ya mvutano wa dunia hulivuta bamba kuelekea bondeni. Msuguano na mshikamano hulizuia. Uzito ukizidi, hata kwa kupita mtu mmoja tu, tabaka dhaifu huvunjika, ufa huenea, na bamba zima huteleza. Mteremko ukiwa mdogo, msuguano hushinda. Ukiwa mkali mno, theluji humwagika kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kwa hiyo hatari kubwa ipo kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili darasani. Ubao ufunikwe kwa kitambaa, kisha unga ushindiliwe juu yake. Ubao uinuliwe polepole upande mmoja, na pembe ipimwe unga unapoteleza. Jaribio lirudiwe kwa kutandaza sukari chini ya unga, na pembe hizo mbili zilinganishwe.

Huko Galtür, dhoruba zilizofuatana kwa majuma kadhaa zilirundika theluji nyingi kupita kiasi kilichotazamiwa na wachoraji wa ramani, ambao walitegemea sana kumbukumbu za maporomoko ya zamani. Baada ya maafa, ramani zilichorwa upya na ukuta wa kinga ukajengwa. Aidha, nchi za Ulaya hutangaza hatari hiyo kwa kipimo cha daraja 1 hadi 5. Tahadhari hiyo ni muhimu, kwani aliyefukiwa huwa na matumaini makubwa ya kupona akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza. Zikipita, kukosa hewa humwua upesi.