Fahamu: Vimeng'enya vinavyopasua bakteria sugu

Endolisini ni vimeng'enya vya bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Virusi hivyo huzaliana ndani ya bakteria, kisha endolisini hukata ukuta wake kutoka ndani. Bakteria hupasuka na virusi vipya hutoka. Kikitiwa kutoka nje, kimeng'enya hicho huweza kufanya kazi hiyohiyo ndani ya dakika chache, hata kwa bakteria waliokwisha kuwa sugu kwa antibiotiki.

Kimeng'enya cha jamii hiyo kimo pia katika ute wa yai. Kila yai la kuku lina lisozaimu, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, kabla ya kugundua penisilini. Lisozaimu hulilinda yai dhidi ya bakteria wanaopenya ganda. Hata hivyo, kupaka kidonda yai bichi ni hatari: huenda likawa na salmonela.

Kikwazo kigumu zaidi kwa endolisini ni bakteria kama Klebsiella, wenye utando wa nje unaozuia kimeng'enya kufika ukutani. Na hao ndio wanaotisha wodini. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wameripoti Klebsiella sugu kwa antibiotiki miongoni mwa watoto wachanga. Kwa hiyo maabara zinaunganisha endolisini na vipande vya protini vinavyotoboa utando huo. Dhidi ya bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, dawa ya endolisini iitwayo exebacase ilifika awamu ya tatu ya majaribio kwa binadamu. Mwaka 2022 jaribio lilisimamishwa, baada ya tathmini ya kati kuonyesha kwamba kuiongeza kwenye antibiotiki hakukuelekea kuleta nafuu zaidi.