VIFUNIKO VYA MAGURUDUMU NA WAJIBU WA FUNDI

Aliyepata kusafiri kwa gari kati ya Mgori na mji wa Singida aujua upepo wa nchi ile. Huvuma uwandani bila kizuizi, na gari likiukabili, injini hunguruma na mafuta huisha upesi. Si ajabu basi fundi mwenye akili akijiuliza: Je, nikiyafunika magurudumu kwa bati, gari halitapita kwa wepesi zaidi?

Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu: litapita. Gurudumu lenye matundu huvuruga hewa lizungukapo. Ndiyo maana bodi ya Citroën DS ya mwaka 1955 ilifunika sehemu ya magurudumu ya nyuma, na Tesla Model 3 ya mwaka 2017 ilipewa vifuniko.

Lakini hesabu haina upendeleo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, kizuizi cha hewa huwa mara nne. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa, likikabili upepo wa kilometa 20, hupambana na hewa kana kwamba laenda kilometa 100. Kizuizi chazidi kwa zaidi ya nusu. Bali gari liendalo kilometa 30 katika njia ya vumbi halioni faida. Huko afadhali kuhakikisha tairi zina upepo wa kutosha.

Atakaye kutengeneza na achague bati jepesi la alumini, alikate duara, alainishe kingo, alifunge kwa skrubu juu ya kifuniko cha zamani. Asitoboe rimu, wala asibane bati chini ya nati za gurudumu, maana nati zitakosa uzi wa kushika. Aache nafasi ili breki zipate hewa, kwani breki iliyopata moto mno mteremkoni hupoteza nguvu.

Kubwa kuliko yote, ndugu, kifuniko huficha nati. Nati iliyolegea pasipo kuonekana ni mauti ya abiria. Kifuniko kisichofunguka upesi kwa ukaguzi kisifungwe kabisa.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji waliouzunguka msitu wa Mgori walishika wenyewe dhamana ya kuulinda, wakaweka walinzi kutoka miongoni mwao wa kuupitia. Fundi naye na ajifunze kwao: kazi ya mikono yako yakudai uikague kila safari.