Deraya Isiyovaliwa

Msafiri avukaye daraja la Nyali akiuacha mji wa Mombasa, na kuishika njia ya Kisauni, hakawii kufika njia panda ambapo utingo wa matatu hupiga ukelele, "Kengeleni!", naye aghalabu hushuka na kwenda zake bila kuutupia jicho mnara mdogo wa kengele uliopapa mahali pale jina lake. Mnara huo hauna fahari ya Ngome ya Yesu wala mizinga ya kutisha wageni, lakini nauhesabu kuwa mojawapo wa zana za vita za upande huu wa bara, na ili nieleze sababu yangu sina budi kuanza mbali, katika zama za panga na mishale.

Kiswahili chenyewe ni ghala ya silaha. Humo mna upanga wa feleji, ulionyooka na wenye makali pande zote mbili. Mna kitara, kilichopindika kama mwezi mchanga. Mna jambia la kuchomekwa kiunoni, na sime, na mkuki. Na mna ngao, ambayo kwa watu wa pwani na jamaa zao wa Omani ilikuwa duara dogo la ngozi ngumu ya kifaru au kiboko, ya kukingia pigo kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukitafuta nafasi. Kwa panga na ngao watu wapatao 100 waliijongelea merikebu ya Vasco da Gama usiku wa manane, ilipokuwa imetia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Mna pia neno deraya, yaani vazi la chuma la kuhifadhi kifua na mgongo. Lakini neno lilienea kuliko vazi, kwa kuwa mtu atokwaye na jasho ndani ya kanzu ya bafta mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa adhabu ya kuvaa chuma, wala mhunzi wa pwani hahitaji kuambiwa hewa ya chumvi hukifanya nini chuma hicho.

Wala si watu wa pwani peke yao waliopigana miili mitupu. Katika karne ya 12 kasisi Gerald wa Wales aliandika kwa mshangao kwamba watu wa Ayalandi waliingia vitani bila deraya, wakiiona kuwa mzigo, wakategemea mikuki mifupi, vigumba vya kurusha kwa mkono, na shoka pana walilojifunza kwa mabaharia wa kaskazini. Nchi yao ilikuwa ya misitu na vinamasi, na mtu mwepesi aijuaye nchi yake huvishwa na nchi hiyo kinga ambayo mhunzi hawezi kuifua.

Ndivyo ilivyokuwa Mombasa. Mreno Francisco de Almeida alipoushambulia mji mwezi wa Agosti 1505, mfalme wake alikwisha kuwaita wapiga mishale kutoka bara, na Wareno, pamoja na chapeo na deraya zao, walipojipenyeza katika vichochoro vyembamba walimiminiwa mawe na mishale kutoka juu ya majumba, hata ikawa mji wenyewe ndio ngao. Mji ulitekwa, ukatekwa nyara na kutiwa moto; lakini mmoja wa wakubwa wa Wareno alijeruhiwa kwa mshale usiokuwa na chembe ya chuma, nao wageni wakajifunza kwamba mishale mingine ya nchi hii ilikuwa mti mtupu uliobabuliwa kwa moto na kutiwa sumu.

Mshale huo wafaa kutazamwa kwa karibu. Wano wake ni mwembamba na mwepesi, nyuma umefungwa manyoya ili usiyumbe, mbele umetiwa chembe. Na chini ya chembe hupakwa utomvu mweusi mzito kama lami, uliopatikana kwa kuchemsha vipande vya mti wa msunguti saa nyingi, kisha ukavishwa ukanda wa ngozi usikauke kabla ya siku yake. Sumu hiyo ikiingia katika damu huushika moyo, kwa hiyo jeraha dogo latosha, na mpigaji hana haja ya kukaribia upanga wa adui. Wamijikenda, mabingwa wa silaha hiyo, nao walivaa deraya ya namna yao: kaya, yaani mji uliofichwa katikati ya msitu mnene, wenye njia chache na milango ya kulindwa. Waingereza walilifahamu jambo hilo vyema, maana walipotaka kuwavunja nguvu Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, mwezi wa Agosti 1914 hawakutosheka kukabili pinde zao kwa bunduki, bali waliilipua kwa baruti Kaya Fungo yenyewe.

Sasa narudi Kengeleni. Baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, alioletewa na Sir Bartle Frere, mmisionari W. S. Price alianzisha hapa, mwaka 1875, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, yakaitwa Frere Town. Watu hao hawakuwa na kaya ya kuwaficha wala boma la mawe la kuwazunguka, na walioghadhibika kwa kupotewa na watumwa waliokimbilia misheni walikuwa ng'ambo tu ya mkono wa bahari. Ndipo ilipotundikwa kengele, ambayo wenyeji husimulia kuwa ilipigwa kuwaonya watu kila hatari ilipokaribia. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee; na kwa mtu asiye na ngao, dakika chache za kujua kwamba adui anakuja ndizo ngao.

Siku hizi jambia hutolewa sandukuni kumpamba bwana arusi, na kengele imekuwa jina la kituo cha matatu. Utingo apigapo ukelele wake, abiria hushuka bila haraka, na hakuna anayekimbia.