Mjadala ni Elimu

Siku hizi, jioni inapoingia, wakazi wengi wa Tabata hujadiliana bila ya kukaa pamoja. Kuanzia Relini hadi Segerea, watu huketi majumbani mwao na simu mkononi wakihojiana juu ya mitaala ya shule, chanjo za watoto, mahari, na hata hiyo akili mnemba inayosemwa kila mahali. Tunalipongeza jambo hilo. Taifa ambalo wananchi wake wanaulizana habari za elimu, sayansi na utamaduni ni taifa lililo hai. Hata hivyo, pongezi pekee hazitoshi. Hatuna budi kujiuliza mijadala hiyo inazaa nini.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Hapo hapo Tabata kipo kituo cha daladala kiitwacho Dampo. Vijana wengi wanaoshuka hapo leo walizaliwa baada ya dampo lenyewe kufungwa, na pengine hawajapata kuelezwa lilifungwaje.

Zamani Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za Dar es Salaam mahali hapo. Taka zilichomwa moto, na moshi, uvundo na mainzi vikawa sehemu ya maisha ya wakazi. Mwaka 1988 baadhi yao walifungua kesi ya madai nambari 299 katika Mahakama Kuu. Mwezi Septemba mwaka huo mahakama iliamuru umwagaji huo ukome. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akieleza kwamba kuhatarisha maisha ya wakazi ni kinyume cha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Tuitazame hoja ile vizuri. Ndani yake mlikuwa na sayansi: moshi wa taka unafanya nini katika kifua cha mtoto? Mlikuwa na elimu ya uraia: nani mwenye wajibu wa kusafisha mji, na akishindwa aulizwe wapi? Mlikuwa pia na utamaduni, kwani ni ungwana gani mtaa mmoja kubebeshwa uchafu wa mji mzima? Watu wa kawaida waliyageuza manung'uniko kuwa hoja, na hoja ikawa amri ya mahakama.

Lakini shauri hilo lina upande wa pili ambao hausemwi mara nyingi. Taka hazikutoweka. Zilipelekwa Vingunguti, kwa majirani. Baadaye zikapelekwa Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Wakazi wa Tabata walikuwa na haki kamili ya kujitetea. Ila swali kubwa zaidi, yaani mji ufanye nini na taka zake, lisingeweza kujibiwa na mtaa mmoja wala na jaji mmoja. Swali hilo lilihitaji, na hata leo linahitaji, mazungumzo ya mji mzima, ambamo mtu wa Tabata atamsikia mtu wa Pugu, na wote wawili watamsikia mtaalamu.

Je, mazungumzo makubwa namna hiyo yanawezekana? Nchi yetu imekwisha kuyafanya. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa majuma 12. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu cha somo hilo, wakajadiliana juu ya hali ya mahali pao, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, lakini hawakuambiwa wangoje mpaka wawe wasomi ndipo waruhusiwe kusema juu ya malaria. Walipewa maarifa kwanza, kisha wakapewa nafasi ya kusema, na mwisho wakakabidhiwa kazi.

Tukilinganisha na mazungumzo ya leo, tofauti ni kubwa. Leo chombo kipo mfukoni na hakimngojei mtu wa redio. Lakini aghalabu wa kwanza kusema ndiye ambaye hajasoma lolote. Habari ya dawa ya ajabu hupita kutoka kikundi hadi kikundi bila ya hata mmoja kuuliza nani aliipima, wapi, na kwa watu wangapi. Mwenye kuuliza huonekana mchokozi. Asubuhi mazungumzo yamefunikwa na mengine, na hakuna aliyeamua neno. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Nasi twaongeza kwamba maneno matupu hayazoi taka.

Lipo na tatizo la lugha. Mtoto wa Tabata hufundishwa kemia kwa Kiingereza katika shule ya sekondari. Arudipo nyumbani akamkuta mama anachoma mifuko ya plastiki uani, hana maneno ya kumweleza kwa nini moshi ule una sumu. Anajua jibu la mtihani, lakini hawezi kuzungumza na mama yake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na istilahi nyingi zimekwisha kutungwa. Kazi iliyobaki ni sisi sote kuzitumia mpaka zizoeleke midomoni, na mahali pa kuzoelea ni katika mjadala.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu, waganga, mafundi na wanasayansi wanaoishi mitaani mwetu wasikae kando wakicheka ujinga wa wenzao. Waingie katika mazungumzo, wajibu kwa Kiswahili chepesi, na wakubali kuulizwa mara mbili. Pili, kila kikundi kichague jambo moja kwa juma moja, watu walisome kwanza, walijadili, kisha waseme nani atafanya nini. Tatu, viongozi wa serikali za mitaa wasiogope mabishano. Wananchi wa Tabata walipopingana na Jiji mahakamani hawakuibomoa nchi. Waliikumbusha Katiba yake.

Tunajua kwamba wapo watakaosema muda hakuna, maisha ni magumu, na wenye njaa hawajadili sayansi. Hatukubaliani nao. Waliochimba vyoo mwaka 1973 hawakuwa matajiri, na waliovuta moshi wa dampo hawakuwa na nafasi nyingi kuliko sisi. Mwenye mali akisumbuliwa na moshi aweza kuhama; asiye nacho, silaha yake ni kujua na kusema pamoja na wenzake.

Penye wengi hapaharibiki neno, lakini sharti wengi hao wawe wamesikiliza kabla ya kusema, na wawe tayari kushika jembe baada ya kusema. Mjadala wa namna hiyo ni darasa lisilo na ada, na mlango wake uko wazi kwa kila mkazi wa Tabata.